Spika za Honi Nyumbani: Nasaha kwa Anayenunua Guangzhou

Hakuna msimu unaopita Guangzhou bila wafanyabiashara wa kwetu, wa Kariakoo na Darajani, wa Mombasa na Eastleigh na Kampala, kuonekana katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli wakifunga mizigo ya nguo, simu, vipuri na vyombo vya nyumbani. Na aghalabu katika kundi lao huwamo mpenda muziki mmoja ambaye, akisha kumaliza shughuli iliyompeleka, huuliza njia ya kwendea maduka ya vyombo vya sauti ya Dashatou, karibu na daraja la Haiyin juu ya Mto Zhujiang. Huko husimama mbele ya jozi ya spika kubwa zenye honi za mbao, akasikia sauti ya mwimbaji ikimjia usoni kana kwamba hakuna chombo baina yao, na kabla chai aliyokaribishwa haijapoa amekwisha kuanza kuuliza bei. Nasaha hizi ni kwa ajili ya mtu huyo, na neno lake kubwa ni hili: spika za honi hazinunuliwi kwa masikio peke yake, bali hununuliwa kwa vipimo vya chumba zitakamokaa, na mtu asiyejua upana wa sebule yake, urefu wake, na hali ya kona zake, heri aahirishe kununua mpaka ajue.

Sharti kwanza ifahamike honi inafanya kazi gani. Spika ya kawaida ni karatasi au kitambaa kigumu kinachosukumwa mbele na nyuma na koili ya umeme, na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno kwa kitu kinachoisukuma, sehemu kubwa ya nguvu hupotea ikawa joto tu. Katika spika nyingi za nyumbani, nguvu inayogeuka kuwa sauti haifiki hata sehemu moja katika mia. Honi huanza na koo jembamba, ambamo hewa hubanwa ikawa na ukinzani wa kutosha mbele ya utando unaoisukuma, kisha hupanuka kwa kadiri maalumu mpaka mdomoni, ikaikabidhi hewa ya chumba sauti ile polepole bila ya kuimwaga kwa ghafula. Tofauti inayopatikana si ndogo. Spika ya kawaida hutoa kiasi cha desibeli 86 mpaka 88 kwa wati moja, ikipimwa kwa umbali wa mita moja. Spika za honi za nyumbani hutoa 100, na nyingine hupita 104. Na maadamu kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, na kila 10 ni mara kumi, spika ya desibeli 103 ikipewa wati 2 itatoa sauti ambayo ile ya desibeli 88 haitaitoa mpaka ipewe wati 60 na zaidi.

Zamani hili halikuwa anasa, lilikuwa dharura. Mwaka 1926, kampuni ya Western Electric ya Marekani ilipoleta uniti yake nambari 555, yaani kile kiini chenye utando na koili kinachofungwa kooni mwa honi, kwa ajili ya sinema zilizokuwa zikianza kutiwa sauti, amplifaya zilikuwa na wati chache tu, na ukumbi wa mamia ya watu ulijazwa sauti kwa honi, wala hapakuwa na hila nyingine. Kwetu nako, sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zilipoanza kusikika barazani na mikahawani, gramafoni nyingi zilizozipiga hazikuwa na umeme wowote: palikuwa na sindano, utando na honi, basi. Na kabla ya hayo yote watu wa Pate na Lamu walijua, kwa siwa zao za pembe za ndovu na za shaba, jinsi pumzi ya mtu mmoja inavyoweza kuufikia mji mzima ikipitishwa katika mwanzi unaopanuka kwa ustadi. Amplifaya zenye nguvu zilipokuwa rakhisi, watengenezaji wengi waliiacha honi kwa sababu boksi dogo huuzika upesi zaidi. Lakini mwaka 1946 Paul Klipsch, wa mji wa Hope katika Arkansas, alianza kuuza spika ya kuwekwa konani, ambayo kuta mbili za chumba na sakafu yake huwa ni sehemu ya honi yenyewe, na spika hiyo ingali ikitengenezwa hadi leo.

Faida ya honi iliyo kubwa, kwa maoni yangu, si kelele. Wengi huinunua honi kwa tamaa ya kutikisa madirisha, wakaikosa tunu iliyomo, nayo ni uhai wa sauti ikiwa chini. Kwa sababu utando wa honi hausogei ila kidogo sana, hauchoki wala haukosei njia pale mlio mdogo unapofuatwa na mkubwa kwa ghafula. Kwa hiyo usiku watoto wamelala na amplifaya imefunguliwa robo tu, kidole cha mpiga kanuni kinasikika kikigusa uzi kabla uzi haujalia, dumbak ina ngozi na ina kiganja, na msomaji wa Kurani anapovuta pumzi baina ya aya mbili, ile pumzi yenyewe inafika. Spika ya kawaida ya bei ile ile, ikiteremshwa kiasi hicho, huwa imefifia, na msikilizaji hulazimika kuipandisha ili aipate taarabu yake yote. Ukiwa mpenzi wa sauti ya binadamu, wa udi, wa nai, wa fidla na wa ngoma za mkono, hakuna chombo cha nyumbani kitakachokukaribisha zaidi kwa mwimbaji.

Faida ya pili hutajwa kwa nadra ilhali ndiyo inayotufaa sana sisi. Honi huielekeza sauti mbele, haitawanyi kila upande. Nyumba zetu nyingi siku hizi ni za kuta za saruji, sakafu ya vigae na dari ngumu, na mapazia ni mepesi kwa ajili ya joto. Spika ya kawaida katika chumba cha namna hiyo humwaga sauti kwenye kila ukuta, ikarudi imevurugika, na maneno ya mwimbaji yakapoteza ncha zake. Honi hupunguza kinachopiga kuta za ubavuni, na kinachomfikia aliyekaa mbele huwa kingi ni kile kilichotoka moja kwa moja. Ubaya wa fadhila hiyo ni kwamba aliyekaa pembeni hupata kidogo; kama sebule yako ni ya wageni kumi waliokaa kuzunguka kuta zote nne, jamaa wa kwenye kochi la ubavuni watasikia muziki uliokatwa nyuzi zake za juu.

Sasa natuje kwenye dhara, nalo la kwanza ni ukubwa, wala halina ujanja kwa kuwa ni sheria ya maumbile. Sauti husafiri kwa mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa besi wa hezi 40 una urefu wa wimbi wa mita 8 na nusu. Na honi itakayoutoa kwa uaminifu ikiwa imesimama mahali pa wazi inataka mdomo ambao mzingo wake unakaribia urefu huo, yaani upana wa takriban mita 2 na sentimita 70. Hakuna mlango wa nyumba unaoipitisha. Ikiwekwa konani, ambapo kuta mbili na sakafu huisaidia, eneo la mdomo hupungua likawa thumuni, upana ukashuka mpaka karibu mita moja, na hapo ndipo hekima ya Klipsch ilipo. Lakini kona hizo lazima ziwe mbili, za ukuta mmoja, zisizo na mlango wala dirisha wala kabati, na baina yake pawe na nafasi ya kutosha. Mwenye nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe au ya Lamu na afikirie vizuri hapa: vyumba vile vilijengwa kwa urefu wa boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyouweka upana wake usizidi sana mita mbili na nusu au tatu, ingawa urefu wa chumba waweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo. Spika za konani kwenye ukuta mfupi zitakuwa zimekaribiana mno, na kwenye ukuta mrefu zitakuwa puani mwa msikilizaji.

Umbali nao ni shida ya peke yake. Katika spika ya honi tupu, besi ina honi yake, sauti ya kati ina yake na twita ina yake, na midomo hiyo imetengana. Ukikaa karibu utasikia vyombo vitatu vinavyoshindana, na ukirudi nyuma mita tatu au nne vitaungana vikawa sauti moja. Zaidi ya hayo, honi ya besi iliyokunjwa ndani ya boksi huifanya sauti isafiri, tuseme, mita mbili na nusu kabla ya kutoka, na hivyo huchelewa kiasi cha sehemu 7 katika 1,000 za sekunde nyuma ya ile ya juu. Baadhi ya watu hawalitambui hilo kabisa. Mwingine akisha kulitambua katika mpigo wa ngoma, hataweza kulisahau tena.

Halafu kuna ule mlio wa puani, ambao ndio ulioiharibia honi jina. Sema neno lolote, kisha liseme tena umeviringa viganja mbele ya mdomo: mabadiliko uliyoyasikia ndiyo aibu ya honi mbaya. Hutokea pale mdomo wa honi unapokatika kwa ghafula badala ya kujipinda nje taratibu, sauti ikajirudia kooni, au pale honi yenyewe ilipotengenezwa kwa bati au plastiki nyembamba inayolia pamoja na muziki. Honi nzuri ya mbao nzito, ya aluminiamu nene au ya faibaglasi iliyojazwa haina mlio huo, au inao mdogo usioudhi. Igonge kwa kifundo cha kidole: ikijibu kwa mlio mrefu, iache, ikijibu kwa sauti fupi iliyokufa, endelea kuitazama.

Baada ya kupima faida na dhara hizi zote, shauri langu kwa wengi wa wasomaji ni la katikati, nalo ni spika yenye honi kwa sauti ya kati na ya juu, na besi ya karatasi ya inchi 12 au 15 katika boksi la kawaida. Itakupa desibeli 95 mpaka 98, itakaa popote penye mita moja ya nafasi kila upande, utaweza kuisikiliza kwa umbali wa mita mbili na nusu, na ule uhai wa kanuni na wa sauti ya mtu, ambao ndio uliokuvuta, utabaki nao karibu wote. Honi tupu ya besi na mwachie mwenye nyumba yake mwenyewe, asiyekusudia kuhama, na mwenye sebule ya upana wa mita tano na kona mbili safi.

Guangzhou, mji ambao waandishi wa Kiarabu wa kale waliutaja kwa jina la Khanfu, umezungukwa na jimbo linalotengeneza vyombo vya sauti vya kila daraja. Katika maduka ya Dashatou kuna vipya na vilivyotumika; katika jumba la maonyesho la Pazhou, panapofanyika yale Maonyesho ya Canton yaliyoanzishwa mwaka 1957, hufanyika pia kila mwaka maonyesho ya Prolight + Sound ambamo watengenezaji wa honi, uniti na amplifaya hukusanyika; na yapata saa moja kwa treni ya kasi uko mji wa Zhuhai, yalipo makao ya Cayin, watengenezaji wa amplifaya za valvu, na ya Line Magnetic, waliojipatia sifa kwa kuzifufua uniti na honi za zamani za Western Electric. Lakini jihadhari na mchanganyiko: kilichotengenezwa kwa ajili ya kumbi za harusi na mihadhara si cha sebuleni, hata kikiwa kipya na rakhisi. Honi ya ukumbini imeumbwa iwafikie watu wa safu ya mwisho, na twita zake za bei ndogo hukwaruza masikio kwa umbali wa mita tatu.

Unapoingia dukani, muuzaji atakukalisha kitini palipochaguliwa, atakumiminia chai, kisha atakupigia nyimbo alizozichagua yeye, mara nyingi sauti nzito ya mwimbaji Cai Qin na ngoma kubwa nyuma yake, ambazo huipendeza karibu kila spika. Shukuru, kisha toa simu yako yenye nyimbo unazozijua kwa moyo: taarabu ya kundi la Ikhwani Safaa au la Culture yenye fidla nyingi pamoja, kwa maana fidla nyingi ndizo zinazoifichua honi kali, sauti ya mwanamke peke yake, na tilawa. Omba sauti ishushwe mpaka ya mazungumzo. Omba spika moja izimwe, usikilize iliyobaki peke yake. Simama, tembea hatua mbili kushoto na mbili kulia, uone sauti inakatika wapi. Kisha muziki ukizimwa na amplifaya ikiwa ingali inawaka, weka sikio mbele ya mdomo wa honi: chombo chenye desibeli 103 hakiusitiri uchafu wa amplifaya, na mvumo mdogo usiosikika kabisa katika spika za kawaida hapa utakuwa ni mvua isiyokatika. Usisahau pia kwamba duka lile limejaa maboksi mpaka darini na zulia sakafuni, vyote vikimeza na kutawanya sauti. Sebule yako ya vigae haitakuwa na huruma hiyo, nawe utahitaji zulia nene mbele ya spika na rafu ya vitabu ukutani.

Kwa vilivyotumika, na kwa vile vyenye majina makubwa yaliyogandishwa juu ya kazi ya mtu mwingine, nenda na mita ya umeme ya mfukoni. Uniti ya omu 8 hupimika kama 6 hivi, na ya omu 16 kama 11 au 12. Zikitofautiana sana za kushoto na kulia, mojawapo imekwisha kubadilishwa utando au kusukwa koili upya. Pigisha mlio unaopanda polepole kutoka hezi 800 hadi 5,000 kwa sauti ndogo, usikilize kama pana mtetemo wa kukwaruza. Wala usikubali uniti ijaribiwe bila krosova, kile kichujio kinachoigawia kila uniti sauti zake, kwa kuwa besi ikiingia katika uniti ya honi, hata kwa sekunde chache, utando huvunjika, na utando wa asili haupatikani kwa kila fundi.

Kuhusu amplifaya, honi hukuondolea gharama ya wati nyingi, na valvu ya 300B, yenye kutoa kama wati 8 tu, huitosheleza. Ila ikumbukwe kwamba vyombo vya soko la Uchina hufungwa transfoma ya volti 220, ilhali umeme wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Tofauti hii haidhuru chombo cha kisasa kinachojirekebisha, lakini valvu ikizidishiwa volti kwa sehemu 9 katika mia huungua kabla ya wakati wake. Dai transfoma yenye waya wa 230 au 240, na ulione neno hilo limeandikwa kwenye chombo, sio kwenye karatasi ya risiti tu. Mwenye umeme wa jua na ajue kwamba amplifaya ndogo za kisasa zisizo na valvu, zenye kula umeme kidogo mno, zitaipigisha honi usiku kucha bila kuimaliza betri, mradi ziwe kimya zisipopiga kitu.

Limebaki la kusafirisha, na hapa wengi huingia hasara. Maboksi mawili, kila moja la sentimita 70 kwa 70 kwa 120, ni kiasi cha mita za ujazo 1.18; kwa ndege hesabu hufanywa kwa ukubwa, nawe utatozwa kana kwamba umebeba kilo 196, hata kama uzito wake ni nusu ya hapo. Basi yaende kwa bahari, katika kontena la kuchangia, na safari hadi Mombasa au Dar es Salaam uihesabu kuwa ni mwezi mmoja na zaidi. Kasha la mbao liwe na muhuri wa kuonyesha kwamba mbao zimetiwa moto dhidi ya wadudu, na wakala aulizwe mapema juu ya cheti cha ubora kinachotakiwa na nchi yako. Iko njia nyingine ambayo mimi huipendelea: nunua Guangzhou honi, uniti, spika za besi na krosova peke yake, pamoja na mchoro kamili wa boksi wenye vipimo, kisha boksi lifanywe nyumbani na seremala wa Keko au wa Lamu, ambaye mkono wake katika kuunga mbao hauna haja ya kusifiwa nami. Uniti usizitie katika begi la ndege kabla ya kuuliza, kwa kuwa sumaku zenye nguvu zina masharti yake katika mizigo ya angani.

Kwa watu wa pwani, boksi liwe la plaiwudi nzuri ya tabaka nyingi au la mbao ngumu, kwa maana mbao za unga uliogandishwa huvimba kwa unyevu wa kaskazi na kusi, na kingo zake zikisha kuvimba hazirudi. Chini liwe na miguu ya kulitenga na sakafu, kwa ajili ya mchwa. Viungio vya nyaya vikaguliwe kila mwaka visishike kutu ya chumvi.

Kwa hiyo, kabla hujapanda ndege, chukua futi, pima sebule, andika upana, urefu, na umbali kutoka kitini pako hadi ukuta wa mbele, uitie karatasi hiyo pamoja na pasi yako; na ikiwa umbali huo haufiki mita mbili na nusu, nunua spika za kawaida zilizo njema, utazifurahia zaidi.